Vijiti vya Usukani na Macho ya Dereva

Magari mengi madogo yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japan yakiwa yameshatumika. Ndani yake, kijiti cha indiketa na taa kiko upande wa kulia wa usukani, na cha waipa kiko kushoto. Magari ya Ulaya yamepangwa kinyume, hata yale yenye usukani wa kulia yaliyotengenezwa kwa ajili ya Uingereza au Afrika Kusini: indiketa kushoto, waipa kulia. Dereva aliyeishi na Toyota IST au Noah kwa miaka, akikabidhiwa BMW au Volkswagen, hujulikana siku ya kwanza kwa waipa. Anakaribia kipilefti, anataka kuashiria kwamba anatoka, na waipa zinaanza kufuta kioo kikavu. Walio nyuma yake hawajaambiwa lolote.

Kosa hilo huonekana dogo kwa sababu mara nyingi halimdhuru mtu. Lakini katika sekunde hiyo moja mambo matatu yametokea kwa pamoja: ishara haikutolewa, macho yameshuka kutafuta kijiti sahihi, na akili imetoka barabarani kwenda kurekebisha kosa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 80, ambayo ndiyo spidi ya juu inayoruhusiwa kwa mabasi na malori makubwa nchini Tanzania, ni mita 22. Anayetazama chini kwa sekunde 2 akiwa katika spidi hiyo amekwenda mita 44 bila kuona, na katika sekunde hizo mtoto aliyekuwa kando ya lami ameshafika katikati yake.

Suala zima la kutumia vijiti na vitufe vya usukani kwa usalama limesimama hapo. Vimewekwa pale ili dereva asihitaji kuvitazama. Siku anapolazimika kuvitazama, iwe kwa sababu gari ni geni, limeharibika au limebuniwa vibaya, faida yake yote imepotea. Na katika Afrika Mashariki, ambako mtu mmoja anaweza kuendesha gari la Japan asubuhi, lori la Ulaya mchana na gari la kampuni jioni, hali hiyo hutokea mara nyingi kuliko inavyosemwa.

Shingo ya usukani ilianza kubeba kazi zamani sana. Kwenye Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, kulikuwa na vijiti viwili chini ya usukani: cha kulia kilikuwa cha mafuta, maana gari halikuwa na pedeli ya mafuta, na cha kushoto kilikuwa cha kuwahisha au kuchelewesha cheche za plagi. Indiketa za kumetameta zilifungwa kiwandani kwenye Buick za mwaka 1939, na mwaka uliofuata zikawa zinajizima zenyewe usukani unaporudi. Baadaye taa kubwa, waipa na maji ya kioo vikahamia huko huko. Sababu ni kwamba kidole kinaweza kuvifikia bila kiganja kuachia usukani.

Mpangilio wa Japan una mantiki yake. Kwa anayekaa kulia kwenye gari la gia za mkono, mkono wa kushoto ndio wenye kazi ya gia. Indiketa ikiwa kulia, mkono wa kulia unaashiria huku wa kushoto ukipunguza gia, na kazi zote mbili zinakwenda pamoja. Magari ya Uingereza nayo yalikuwa hivyo zamani, mpaka watengenezaji wa Ulaya walipoona ni nafuu kutumia shingo ya aina moja kwa magari ya usukani wa kulia na wa kushoto. Aliyebaki na mzigo ni dereva wa usukani wa kulia. Kwenye gari la Ulaya la gia za mkono, mkono wake wa kushoto unadaiwa indiketa na gia kwa wakati mmoja, kona ileile. Njia salama ni kuashiria mapema, kabla mguu haujagusa klachi, kisha kubadilisha gia. Akifuata mtindo wa gari la Japan wa kufanya vyote pamoja, mkono wa kushoto utakwenda kwenye gia kwanza na ishara itatoka akiwa ameshaanza kukata kona, wakati ambapo haimsaidii mtu.

Kuna kipimo kinachojulikana cha muda wa macho kutoka barabarani. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, na kuchapishwa mwaka 2006, ulifuatilia madereva kwa kamera ndani ya magari yao na kuona kwamba kutazama pembeni kwa zaidi ya sekunde 2 kunaongeza hatari ya ajali, au ya kuikosakosa ajali, angalau mara mbili. Mwaka 2013 mamlaka hiyo ikawapa watengenezaji mwongozo: kazi yoyote ya kwenye dashibodi isimtake dereva atazame kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Kijiti kilichozoeleka hakikaribii hata sekunde 1. Skrini ya kugusa ni habari nyingine.

Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilifanya jaribio rahisi ambalo limesaidia sana mjadala huu. Madereva waliachwa kwanza walizoee gari, kisha wakaombwa kufanya kazi nne za kawaida wakiwa kilomita 110 kwa saa, kama kubadilisha stesheni ya redio na kupunguza mwanga wa dashibodi. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vya kubonyeza tu, ilimaliza kazi hizo ndani ya sekunde 10, ikiwa imekwenda mita 306. Gari lililofanya vibaya kuliko yote, MG Marvel R lenye skrini kubwa, lilichukua karibu sekunde 45 na kwenda mita 1,372. Ni zaidi ya kilomita moja ambayo dereva anaigawa kati ya barabara na skrini.

Mahakama nazo zimeingia katika jambo hili. Machi 2020, mahakama ya rufaa ya Karlsruhe nchini Ujerumani ilikubali adhabu aliyopewa dereva wa Tesla, faini ya euro 200 na kufungiwa kuendesha kwa mwezi mmoja. Mvua ilikuwa kubwa, naye akaingia kwenye skrini kurekebisha mwendo wa waipa, gari likaacha njia na kugonga miti. Mahakama ilisema kwamba skrini ile inahesabika kama kifaa kingine chochote cha kielektroniki, hata kama kinachorekebishwa ni waipa, kifaa cha usalama. Kwa dereva uamuzi huo ni mkali, lakini ni sahihi: gari likiacha njia haliulizi macho yalikuwa yakitafuta nini.

Kampuni ya Tesla yenyewe ilikwenda mbali zaidi ilipoondoa kijiti cha indiketa kwenye Model 3 mpya na kuweka vitufe kwenye usukani wenyewe. Tatizo linaonekana kwenye kipilefti. Usukani ukiwa umezungushwa nusu, kitufe kilichokuwa kushoto kimehamia juu au kulia, na dereva anayetaka kuashiria kutoka lazima akitafute kwa macho, katika sehemu ya barabara inayodai macho kuliko sehemu nyingi. Kijiti hakizunguki na usukani. Kinabaki palepale, na kidole kinajua kilipo. Model Y ya mwaka 2025 ilitoka ikiwa na kijiti cha indiketa. Na kuanzia Januari 2026, Euro NCAP, taasisi inayoyapa magari yanayouzwa Ulaya nyota za usalama, inadai swichi halisi za kushikika kwa mambo matano kabla gari halijapata alama zote: indiketa, hazadi, honi, waipa na kitufe cha kuita msaada wa dharura.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Ulaya. Lakini Kenya hairuhusu kuingizwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, maana yake gari lililotengenezwa na skrini linafika Nairobi likiwa bado changa. Tanzania haina ukomo huo, ingawa ushuru hupanda kadiri gari linavyozeeka, na magari ya namna hiyo yanafika pia. Tena yanafika na shida ya ziada: skrini imeandikwa Kijapani, sauti ya mwanamke husema kitu kwa Kijapani kila gari linapowashwa, na kitabu cha maelezo, kama kimo ndani ya gari, ni cha Kijapani. Mwenye gari hujifunza kwa kubahatisha, na mara nyingi hubahatisha akiwa barabarani.

Vitufe vya usukani vya simu na redio vinastahili neno lao. Ni bora mara nyingi kuliko kushika simu mkononi, na kupandisha sauti kwa dole gumba hakuna ubaya. Kuzungumza kwenyewe, iwe na mtu kwenye simu au na mfumo wa gari, ndiko kwenye shida. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah uliofadhiliwa na taasisi ya usalama ya AAA na kutolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba akili inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi kikamilifu barabarani baada ya kutoa amri kwa sauti kwenye mifumo iliyo migumu zaidi. Mikono ilikuwa kwenye usukani muda wote huo, macho yalikuwa mbele, na bado dereva hakuwepo.

Tukirudi kwenye vijiti vyenyewe, kijiti cha taa ndicho kinachobeba mengi. Kwenye magari ya Japan ncha yake huzungushwa: hatua ya kwanza ni taa ndogo, hatua ya pili ni taa kubwa. Jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, barabara hujaa magari yaliyoishia hatua ya kwanza. Dereva anaona dashibodi yake inawaka, anaamini amewasha taa, lakini anayekuja mbele anaona vijinukta viwili hafifu. Magari mapya yameongeza mtego mwingine. Dashibodi zao huwaka wakati wote na taa za mchana humulika mbele kidogo, hivyo mtu anaweza kuendesha usiku mjini huku taa za nyuma zikiwa zimezimwa kabisa. Dawa ni kuzungusha ncha ile mpaka mwisho kabla giza halijaingia, au kuiacha kwenye alama ya kujiendesha yenyewe kwa gari lililo nayo.

Kijiti hicho hicho kikivutwa kuelekea kwa dereva hutoa fuli ya muda, na kikiachiwa kinarudi. Kikisukumwa mbele, fuli inabaki. Tofauti hiyo inatakiwa ikae kwenye vidole, kwa sababu usiku kwenye barabara nyembamba dereva ana sekunde chache tu za kushusha taa mbele ya anayekuja. Aliyezoea gari moja akikosea kwenye jingine anampofusha mwenzake badala ya kumshushia. Magari mawili yanayokutana, kila moja likiwa kilomita 80 kwa saa, yanakaribiana kwa mita 44 kila sekunde.

Indiketa ina matatizo mawili tofauti, la kifundi na la desturi.

La kifundi ni kwamba indiketa hujizima tu kama usukani umezungushwa vya kutosha kisha ukarudi. Anayehama njia au kuipita baiskeli huzungusha kidogo mno, na taa inaendelea kumetameta kilomita nzima. Aliye barabara ya pembeni anayetaka kuingia anaiona, anaamini gari linakata kona, anatoka. Ndiyo maana vijiti vingi vina nafasi ya nusu: kidole kinakisukuma kidogo bila kukifikisha mwisho, taa inamulika muda wote kinaposhikiliwa, na kikiachiwa inazima. Kwenye magari mapya kugusa mara moja humulika mara tatu. Kwenye gari kuukuu ambalo kifaa cha kurudisha kimekatika, dereva lazima ajue kwamba kuzima ni kazi yake, na fundi lazima ajue kwamba swichi hiyo haihesabiwi katika mambo ya kusubiri mpaka mwezi ujao.

La desturi ni zito zaidi. Katika barabara kuu za Tanzania na Kenya, dereva wa lori humsaidia aliye nyuma kwa indiketa: ya kulia ina maana usipite, mbele kuna gari, ya kushoto ina maana njia nyeupe, pita. Usiku indiketa ya kulia huwashwa pia ili anayekuja mbele aone mwisho wa upana wa gari. Nia ni njema na imeokoa watu. Lakini kwa sheria indiketa inasema jambo moja tu, kwamba gari hili linahamia upande huu, na lori linalotaka kweli kukata kulia kwenda kituo cha mafuta halina ishara nyingine ya kutoa. Aliye nyuma anaona indiketa ya kulia, anasubiri, anachungulia, haoni gari mbele, anadhani dereva wa lori amesahau kuizima. Anapita. Lori linakata kulia na kumkuta ubavuni. Ya kushoto nayo inaweza kuwa lori linatafuta tu mahali pa kuegesha, na dereva wake hajaangalia mbele kwa niaba ya mtu yeyote. Kwa hiyo ishara ya lori ichukuliwe kama taarifa, na uamuzi wa kupita ufanywe na macho ya anayepita. Asipoona mbele, hapiti, hata lori limulike vipi.

Hazadi imetumbukia kwenye matumizi mabaya kwa njia hiyo hiyo. Mvua ikishuka au ukungu ukitanda, msururu mzima unatembea huku hazadi zikiwaka. Kwenye magari mengi hazadi ikiwaka indiketa haifanyi kazi, kwa sababu taa zote nne zinamulika kwa pamoja. Dereva anahama njia na hakuna anayejua. Mbaya zaidi, gari lililosimama kabisa kwa ubovu, ambalo ndilo lililokusudiwa na kitufe hicho, halitofautiani tena na yanayotembea. Mvuani zinatakiwa taa kubwa zilizoshushwa, waipa na nafasi zaidi kutoka gari la mbele. Anayetembea na hazadi anajinyang'anya ishara wakati anaoihitaji zaidi.

Waipa zenyewe hazina mengi. Kwenye barabara ya vumbi maji yatangulie, ndipo waipa zifuate, kwa sababu vumbi kavu likifutwa huchora kioo, na michoro hiyo ikipigwa na jua la magharibi au fuli ya usiku inamfunga dereva macho. Kuangalia kama chupa ya maji imejaa ni kazi ya asubuhi. Na kwa walio na kidhibiti cha kushikilia spidi, ambacho kwenye Toyota nyingi ni kijiti kifupi upande wa kulia chini, kisitumike mvuani: tairi zikianza kuelea juu ya maji, mashine inaweza kuendelea kusukuma wakati dereva anataka gari lipungue.

Chini ya shingo ya usukani kuna mkono mwingine ambao wengi hawaujui mpaka wauguse kwa bahati mbaya: ule wa kupandisha na kushusha usukani. Ukifunguliwa, shingo yote inalegea na usukani unaweza kuangukia mapajani. Haufunguliwi gari likitembea, hata kidogo, hata kwenye barabara iliyonyooka. Dereva anapokabidhiwa gari anakaa, anasogeza kiti, anafungua mkono ule, anaweka usukani mahali ambapo anaiona dashibodi yote na viganja vinakaa saa tatu na saa tisa za mshale, anaufunga, kisha anautikisa usukani kuhakikisha umeshika. Kati ya kifua na katikati ya usukani ibaki angalau sentimita 25.

Umbali huo ni kwa ajili ya eabegi, ambayo hufumuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde kwa nguvu ya kumvunja mtu mkono ikimkuta vibaya. Anayeendesha kwa mkono mmoja uliolala juu ya usukani, au aliyeingiza kiganja ndani ya usukani kutoka chini, ataupata mkono wake mwenyewe usoni. Madereva wa Land Cruiser kwenye njia za mbuga walikuwa na sababu yao ya zamani ya kutozungushia dole gumba ndani ya usukani: tairi likigonga jiwe, usukani hujizungusha ghafla na kuvunja kidole. Mapambo magumu yanayobandikwa katikati ya usukani nayo yaondolewe, kwani eabegi ikifumuka yanarushwa kwa dereva.

Ndani ya shingo hiyo kuna kitu ambacho mafundi wanakijua na wenye magari hawakijui. Umeme wa honi, vitufe na eabegi unapita kwenye kebo nyembamba iliyoviringwa ndani ya kasha, inayojikunja na kujikunjua usukani unapozunguka. Aprili 2014 Toyota iliita magari milioni 6.39 duniani yarudishwe kurekebishwa kwa kasoro mbalimbali, na karibu milioni 3.5 kati yake yalikuwa kwa sababu ya kebo hiyo, ambayo ikiharibika eabegi inaweza kukosa kufanya kazi. Honi ikikataa, vitufe vya redio vikifa na taa ya eabegi ikawaka dashibodini kwa wakati mmoja, hapo pa kwanza pa kutazama ni kebo hiyo. Wapo wanaoiondoa taa ile ili mnunuzi asiione. Huo ni wizi wa kitu kimoja ambacho mnunuzi hawezi kugundua mpaka siku ya ajali.

Kuna pia suala la Takata, kampuni ya Japan iliyotengeneza eabegi za kampuni nyingi kubwa za magari na kufilisika mwaka 2017. Baruti iliyotumika, ya amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikilipuka inaweza kupasua kasha la chuma na kumpiga dereva kwa vipande vyake. Takriban eabegi milioni 100 ziliitwa duniani, na miongoni mwa magari yaliyohusika ni Corolla, Vitz na mengine ya miaka ya 2000 ambayo yamejaa katika barabara za Afrika Mashariki. Joto na unyevu wa Tanga, Mombasa na Zanzibar ndio hasa unaoiharibu. Kampuni zilizotengeneza magari hayo zina kurasa za kutafuta kwa namba ya chesisi kama gari liliitwa na kama kasoro hiyo ilirekebishwa. Anayenunua gari la namna hiyo aangalie kabla ya kulipa.

Imebaki swichi ya funguo. Ikizimwa gari likiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito kwa sababu msaada wake umekatika, na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu. Funguo ikifikishwa mwisho na kuchomolewa, loku inaingia na usukani haugeuki tena. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi wakiteremka milima, ili kuokoa mafuta. Mteremko wa Salgaa na Sachangwan, kati ya Nakuru na Eldoret, ulipata jina baya kwa sababu ya malori yaliyoachwa yateremke fri. Kwenye Kitonga, Iringa, ambako kona zinafuatana na upande mmoja ni bonde, gari lililo fri, yaani bila gia, linaziachia breki kazi yote, na lililozimwa limepoteza pia msaada wa usukani. Mafuta yanayookolewa hapo hayafiki hata bei ya tairi moja.

Wakati mwingine gari linajizima lenyewe. Kampuni ya General Motors ya Marekani mwaka 2014 iliita magari milioni 2.6, Chevrolet Cobalt na mengine, kwa sababu swichi ya funguo ilikuwa laini mno. Bonge la funguo lililoning'inia, au goti, au shimo la barabarani, liliweza kuirudisha nyuma. Injini ikazima, usukani ukawa mzito, na eabegi ikakosa umeme. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Swichi za magari yaliyotumika miaka 15 nazo zimelika, na hapa watu hufunga funguo ya gari pamoja na za nyumba, ghala, duka na kufuli la geti. Funguo ya gari ikae peke yake. Injini ikizima mwendoni, dereva ashike usukani kwa mikono yote miwili na nguvu zaidi, akanyage breki mara moja kwa nguvu bila kupampu, aelekee pembeni, wala asiichomoe funguo mpaka gari lisimame.

Gari la kitufe lina kanuni yake. Kwenye Toyota nyingi, kuzima injini wakati wa dharura ni kubonyeza kitufe na kukishikilia sekunde 2 au 3, au kukibonyeza haraka mara tatu. Agosti 2009 huko California, watu wanne walikufa ndani ya Lexus ya kuazimwa baada ya zulia la sakafuni kukwamisha pedeli ya mafuta. Aliyekuwa akiendesha alikuwa polisi wa barabarani mwenye uzoefu. Gari halikuwa lake, na kitufe chake kilitaka kushikiliwa.

Haya yote hujifunzwa gari likiwa limesimama, na hayachukui muda mrefu. Shule za udereva, VETA, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kampuni za mabasi, mashirika yenye madereva na wenye yadi za magari wanaweza kuweka utaratibu mmoja: anayekabidhiwa gari asilolijua akae ndani yake dakika 15 uani, arekebishe kiti na usukani, kisha huku akitazama mbele tu awashe taa kubwa, ashushe, atoe fuli ya muda, aashirie kushoto na kulia, afute kioo kwa maji, apige honi, awashe hazadi na kuizima, kila kimoja mpaka mkono ukifikie bila macho kushuka. Mtahini wa leseni naye aliweke jambo hilo kwenye mtihani wake, na asiyeweza kulifanya arudi uani kabla ya kupelekwa barabarani.